Uzi: Hatari ya saratani ya titi ilipita kwa babu, ikapita kwa baba, ikanifikia mimi mwanaume. Ulizeni na upande wa shangazi

#1 Mtoto_wa_Pangani

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mniwie radhi, nimeuandika kwa siku tatu kwenye simu. Nimekuwa msomaji tu humu kwa miaka mingi. Leo nina jambo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 42, baba wa watoto watatu, wawili wa kike. Mwezi Machi nilipewa majibu yanayosema nimerithi hitilafu kwenye jeni inayoitwa BRCA2. Siumwi. Ila nimeibeba, na baba yangu ameibeba, na dada yangu ndiye aliyeumwa.

Dada yuko Leicester, Uingereza. Mwaka 2022, akiwa na miaka 36, alipapasa uvimbe mgumu kama punje ya hindi kavu, titi la kushoto, upande wa kwapa. Akapasuliwa, akapigwa kemo, akachomwa mionzi. Kwa sababu ya umri wake wakaamua kumpima na jeni. Kabla ya kutoa damu alikalishwa na mshauri wa magonjwa ya kurithi, akaulizwa ukoo mzima vizazi vitatu nyuma: nani aliumwa saratani, ya wapi, akiwa na miaka mingapi. Akanipigia simu.

Nikamjibu bila kusita kwamba kwetu hakuna. Mama mzima, mama wakubwa wote wawili wazima, mama mdogo mzima, bibi mzaa mama aliondoka na miaka tisini na kitu. Dada akaandika hakuna.

Majibu ya damu yakaja tofauti. Mama naye akapimwa, hana. Kwa hiyo imetoka kwa baba. Hapo ndipo nilipopanda basi kwenda Pangani kwa shangazi yangu mdogo, ndugu wa baba aliyebaki.

Nilimkuta anachagua mchele. Baada ya shikamoo na habari za watoto nikamuuliza shangazi mkubwa alikufa na nini, mwaka ule wa 1984. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Kifua."

Neno hilo nimelisikia tangu utoto. Shangazi mkubwa alikufa kwa kifua. Sote tuliozaliwa nyuma tulijua maana yake ni kifua kikuu. Nikamuuliza, alikuwa akikohoa sana?

Shangazi akauweka ungo chini. "Kukohoa? Hakukohoa hata siku moja, baba. Kilikuwa kidonda. Hapa." Akaweka kiganja kwenye titi.

Akanisimulia yote jioni ile. Miezi ya mwisho dada yake alikuwa akijifunga kanga mbili kifuani, moja juu ya nyingine, na chetezo hakikutoka chumbani kwake, udi asubuhi, udi jioni. Watoto walidhani anajipamba. Ilikuwa ni harufu ya kidonda. Alikuwa na miaka 39. Na shangazi yake wa Mwera, yaani dada wa babu, alikwenda vivyo hivyo. Na babu mwenyewe, ambaye siku zote tuliambiwa "alifungwa mkojo", leo daktari yeyote angekwenda moja kwa moja kwenye tezi dume.

Watu watatu, mstari mmoja, na mimi nilisema kwetu hakuna. Sikusema uongo. Niliulizwa saratani nikatazama kwa mama, na kwa baba ilikuwa imefichwa ndani ya neno kifua.

Ndiyo sababu ya uzi huu. Naendelea chini.

#2 Mtoto_wa_Pangani

Jeni hizi zinafanya nini hasa? Nimesoma sana miezi hii, na dada kanitumia karatasi zote alizopewa, kwa hiyo naeleza ninavyoelewa.

Watu husema "ana jeni ya saratani". Usemi huo unapotosha. Kila binadamu ana BRCA1 na BRCA2, mwanamke na mwanaume, na kazi yake ni kutukinga. Ni mafundi wa kutengeneza DNA (maandishi ya urithi yaliyo ndani ya kila seli) inapokatika. Na DNA hukatika kila siku, kwa mionzi, kwa kemikali, na hata seli yenyewe inapojinakili ili igawanyike.

Mimi nimekulia kwa wavuvi, nitasema kwa nyavu. Jarife likirudi limechanika, mvuvi mwenye haraka anakusanya kingo za tundu anapiga fundo. Wavu utarudi majini, ila macho kadhaa yamepotea na umbo limepinda. Mwenye muda anakaa kivulini na sindano yake, anatazama kipande kizima cha pembeni, anahesabu macho, anarudishia jicho kwa jicho mpaka huoni palipochanika. Seli nayo ina njia hizo mbili. Nyuzi zote mbili za DNA zikikatika mahali pamoja, njia salama ni ile ya pili, kushona kwa kutazama nakala nzima. Ziko jeni nyingine tatu zinazosaidia, ATM, CHEK2 na PALB2. ATM ndiyo inayopiga kelele kwamba pamekatika. CHEK2 inapokea habari na kusimamisha seli isigawanyike kwanza. BRCA1 inafika kuandaa kingo, PALB2 inaiunganisha na BRCA2, na BRCA2 ndiyo inayoleta uzi wenyewe, protini iitwayo RAD51, na kuupanga mahali pake.

BRCA2 ikiwa mbovu, seli inabaki na mafundo ya haraka. Fundo juu ya fundo, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja linapotea jicho lililokuwa likizuia seli isizaliane ovyo.

Sasa kwa nini mimi niliyerithi hitilafu siumwi? Kwa sababu kila jeni tunayo mara mbili, ya mama na ya baba. Ya mama yangu ni nzima na inafanya kazi. Hatari ipo pale seli moja inapoipoteza na ile nzima. Alfred Knudson alilifikiria jambo hili mwaka 1971 akichunguza saratani ya macho ya watoto, kwamba mapigo ni mawili na mwenye kurithi amezaliwa tayari na pigo moja. Kwa hiyo harithi saratani. Anarithi ukaribu nayo.

Kila mtoto wa mbebaji, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu. Ni kama kurusha sarafu upya kwa kila mtoto. Hakuna hesabu ya kwamba wawili wakipata wawili watapona. Na sarafu hiyo haijui kama mzazi ni baba au mama. Hapa ndipo familia nyingi zinapokosea, na madaktari pia. Daktari wa kwanza niliyemwona, hospitali siitaji, aliniambia mambo haya ya wanawake hayanihusu, nikapoteza zaidi ya mwaka.

#3 BintiKorogwe

Nimesoma nikalia. Kwetu mama na dada zake wawili wote waliondoka kwa titi. Ukoo uligawanyika kwa kutuhumiana. Bibi mzaa mama ndiye aliyebeba lawama zote, wakasema anakula watoto wake. Alihama kijiji akaenda kufia kwa watu. Kaka, unataka kuniambia ilikuwa jeni?

#4 Mtoto_wa_Pangani

Pole sana dada yangu. Bila kipimo siwezi kukuambia ni jeni. Ila dada watatu wa tumbo moja ni dalili nzito mno, na hakuna mshauri wa urithi atakayeisikia akaipuuza.

Kuna mwanasayansi wa Marekani, Mary-Claire King, alikaa miaka mingi akikusanya familia za namna hiyo hiyo, mama na dada na mabinti, wengi wakiumwa wangali vijana. Wengi hawakuamini kwamba saratani ya titi inaweza kurithiwa kwa jeni moja. Mwaka 1990 akaonyesha kuwa ipo, kwenye kromosomu ya 17. Mwaka 1994 ikapatikana yenyewe, BRCA1. BRCA2 ikapatikana mwaka 1995, kwenye kromosomu ya 13, na timu ya Michael Stratton kule Uingereza.

Bibi yako hakula mtu. Huenda naye alizaliwa nayo ikamruka. Si kila mbebaji anaumwa.

#5 Sadala_Mjini

Mkuu, tupe namba. Mbebaji ana hatari kiasi gani? Maana wengine wanasema lazima uumwe.

#6 Mtoto_wa_Pangani

Si lazima, lakini si ndogo. Utafiti mkubwa wa mwaka 2017 uliowafuatilia wabebaji karibu 10,000, wengi wa nchi za Wazungu, ulikadiria hivi: kati ya wanawake 100 wenye BRCA1 mbovu, 72 wataugua saratani ya titi kabla ya miaka 80, wenye BRCA2 mbovu, 69. Saratani ya ovari, 44 kwa BRCA1 na 17 kwa BRCA2. Kwa kulinganisha, Marekani mwanamke wa kawaida ni kama 13 katika 100 kwa titi maisha yake yote, na kwa ovari hafiki hata wawili.

PALB2 inafuata, kama nusu ya wabebaji wataugua titi wakifika miaka 80. ATM na CHEK2 zinaongeza hatari takriban mara mbili, hizo ni za wastani. Mwaka 2021 zilitoka tafiti mbili kubwa kwa pamoja, wanawake zaidi ya laki moja, na jeni zilizojitokeza kwa nguvu zaidi ni hizo tano nilizozitaja. Nyingine nyingi zilizokuwa zikiuzwa kwenye vipimo hazikuonyesha mengi.

Wanaume tusijitoe. Mwanaume mwenye BRCA2 mbovu ana nafasi kama 7 katika 100 ya saratani ya titi, wakati mwanaume wa kawaida ni kama 1 katika 1,000. Na tezi dume ndiyo kubwa kwetu: huja mapema, huja kali. Wataalamu wanashauri kipimo cha damu cha PSA kuanzia miaka 40. Babu "alifungwa mkojo" akiwa na miaka 58.

#7 Nesi_wa_Zamu

Mleta uzi, nashukuru. Mimi ni muuguzi, miaka kumi na tisa kazini, sehemu kubwa wodi ya akina mama. Niongeze ninayoyaona.

Kwanza ukweli ambao usipotee: saratani nyingi za titi hazirithiwi kwa jeni hizi. Ni kama 5 hadi 10 katika 100 ndizo za kurithi moja kwa moja. Kwa hiyo dada asiye na mgonjwa yeyote kwenye ukoo asije akasema mimi niko salama.

Pili, umri. Wanakuja mabinti wa miaka 28, 31, 33. Anakuambia alikwenda zahanati akaambiwa ni maziwa yameganda kwa sababu ananyonyesha, akapewa dawa ya kutuliza maumivu, akarudi nyumbani miezi saba. Uvimbe mgumu usiohama kwenye titi, hata kama unanyonyesha, unataka ultrasaundi na kinyama kichukuliwe kikapimwe. Usikubali kuambiwa wewe ni mdogo sana. Hapa Tanzania takriban wanawake 8 katika 10 wa saratani ya titi wanagunduliwa ikiwa hatua ya tatu au ya nne. Pale Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, ukikaa benchi la asubuhi utaona mwenyewe nguo zilivyolowa kifuani.

Hiyo ya udi imenikaa. Nimewahi kuwapokea wanaonukia marashi kuanzia mlangoni, na ukiyasikia tu marashi hayo unajua utakachokikuta ukifungua kanga.

#8 Mwanamtapa_254

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu, hapa Kenya saratani ya matiti ndiyo inayoongoza kwa wagonjwa wapya, na watu bado wanasema ni ugonjwa wa Wazungu. Hizo jeni zimepimwa kwa Waafrika au tunabeba takwimu za watu wengine? Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe nilipima Nairobi, nikapewa jibu kwamba nina "badiliko lisilojulikana maana yake" kwenye BRCA2. Tangu siku hiyo silali. Kuna aliyenishauri nitoe matiti yote.

#9 Mtoto_wa_Pangani

Dada, tafadhali usitoe kiungo kwa jibu hilo. Dada yangu alielezwa suala hili na mshauri wake kwa kirefu kwa sababu na yeye alipewa moja la namna hiyo kwenye ATM, pamoja na lile la BRCA2 lililo wazi.

Jeni ni ndefu mno, na kila mmoja wetu ana tofauti ndogondogo ndani yake ambazo hazidhuru, kama mtu anavyotamka "mtoto" na mwingine "ntoto" na maana ikabaki ileile. Ili maabara ijue tofauti fulani ni ya kudhuru au la, lazima iwe imeiona kwa watu wengi, wazima na wagonjwa. Kumbukumbu walizonazo zimejaa Wazungu. Sisi wenye asili ya Afrika tuna tofauti nyingi kuliko watu wengine wote duniani, na ndio tuliopimwa kwa uchache. Matokeo yake tunapewa "haijulikani" mara nyingi zaidi. Nyingi zikija kueleweka huwa hazina madhara. Hatari yako ipimwe kwa historia ya ukoo wako na si kwa karatasi hiyo, na kila baada ya mwaka au miwili uwaulize maabara kama wameshabadilisha maana yake. Hilo ni haki yako.

Kuhusu Waafrika: kupimwa tumepimwa, ingawa kidogo. Ibadan, Nigeria, Profesa Olufunmilayo Olopade na wenzake, Mary-Claire King akiwemo, walipima wagonjwa 1,136 wa saratani ya titi. Matokeo ya mwaka 2018: karibu 15 katika 100 walikuwa na hitilafu ya kurithi, wakati kwa wanawake wasioumwa hawakufika 2. Mwaka 2020 yakatoka ya Uganda na Cameroon, wagonjwa wachache zaidi, na huko ni kama 16 katika 100. Nilizisoma namba hizo usiku, nikamkumbuka shangazi na kanga zake mbili. Kwa hiyo ugonjwa huu ni wetu kabisa, na nchi nyingi za kwetu hazijahesabu.

#10 Kinyago_wa_Mikindani

Niseme jambo gumu bila kumuudhi mtu. Kujua kuna faida gani? Dada yako yuko Uingereza, ana MRI (kipimo cha picha za ndani ya mwili) ya bure kila mwaka. Mwanamke wa Newala ukimwambia ana BRCA1 umemwongezea nini zaidi ya kutolala? Mashine za MRI ni chache, bima inayumba, kipimo chenyewe sampuli inapanda ndege. Mke wangu alifariki kwa ugonjwa huu. Naona kama mnatuletea habari ambayo hatuna pa kuipeleka.

#11 Mtoto_wa_Pangani

Kaka, pole kwa msiba huo, na nimelichukua swali lako kwa uzito wake. Nimekaa nalo siku mbili kabla ya kujibu.

Ni kweli. Miongozo ya Marekani inataka mwanamke mbebaji apigwe MRI ya matiti kila mwaka kuanzia miaka 25, na mamogramu, yaani eksirei ya matiti, kuanzia 30. Newala hilo halipo, na wala sitamdanganya mtu.

Ila nikitazama ukoo wangu naona mambo ambayo hayahitaji ndege. Saratani ya ovari na mirija yake haina kipimo kizuri cha kuigundua mapema popote duniani, hata London. Kinga yake ni upasuaji wa kuviondoa mwanamke akishamaliza kuzaa, miaka 35 hadi 40 kwa BRCA1, 40 hadi 45 kwa BRCA2. Upasuaji huo unafanyika hospitali zetu kubwa za rufaa, madaktari wa wanawake wanaujua. Kuna binamu zangu wawili wa umri huo. Kutoa matiti kabla ya ugonjwa nako kunapunguza hatari kwa zaidi ya asilimia 90. Angelina Jolie alilisema hadharani mwezi Mei 2013, mama yake alifariki na miaka 56. Najua ni uamuzi mzito kwa mwanamke wa kwetu na hakuna anayepaswa kumsukuma.

Halafu kuna gharama yenyewe. Zamani kampuni moja ya Marekani, Myriad, ilikuwa na hataza (hati ya kumiliki ugunduzi) ya jeni hizi na kule kwao ni kampuni hiyo peke yake iliyoruhusiwa kuzipima. Juni 2013 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikasema DNA ya asili haiwezi kumilikiwa na mtu, na bei zikaanza kushuka. Na mgonjwa mmoja kwenye ukoo akishapimwa, wengine hawapimwi jeni nzima. Wanatazamwa pale palipoharibika tu. Mimi nilikwenda na nakala ya majibu ya dada, maabara ikajua itazame wapi, nikalipa sehemu ndogo ya bei ambayo ningelipa bila karatasi ile. Ndiyo maana anayefaa kuanza ni yule aliyeumwa, akiwa hai bado.

Na dawa. Seli ya saratani iliyopoteza BRCA inaishi kwa kutegemea njia nyingine za kujitengeneza. Mwaka 2005 timu mbili zilionyesha kwamba ukiiziba na ile ya PARP, protini nyingine ya kutengeneza DNA, seli hiyo inakufa na seli nzima zinabaki. Dada alimeza olaparib, dawa ya kuiziba PARP, asubuhi na jioni kwa mwaka mzima baada ya kemo. Bei yake kwetu ni ya kutisha, sikatai. Lakini asiyejua jeni yake hata akipata mfadhili hawezi kuandikiwa.

Kaka, kama mkeo alikuacha na mabinti, na ikiwa aliumwa chini ya miaka 50, mabinti hao wanastahili kujua mama yao aliumwa nini hasa na akiwa na miaka mingapi. Hilo ni bure.

#12 Kinyago_wa_Mikindani

Alikuwa na miaka 37. Ninao mabinti wawili. Wanajua mama yao aliumwa "uvimbe". Nitawaambia.

#13 Ummu_Rayyan

Asalaam alaykum. Naomba nisaidiwe. Nina miaka 26, mama yangu ni mbebaji, mimi bado sijapima. Nimechumbiwa na mtoto wa mama yangu mkubwa. Je, nimwambie? Na akijua si ataniacha?

#14 Mtoto_wa_Pangani

Wa alaykum salaam dada yangu. Ninachojua ni hiki, na kwenu ninyi kina uzito wa peke yake kwa sababu mnatoka tumbo la bibi mmoja.

Kama mama yako aliirithi kwa babu yenu au bibi yenu, mama yako mkubwa naye ana nafasi nusu ya kuwa nayo, na mchumba wako anaweza kuwa ameipata. Mkiwa nayo wote wawili, kila mimba ina nafasi moja katika nne kwamba mtoto atapata nakala mbovu zote mbili. Kwa BRCA2 au PALB2 mtoto huyo anaweza kuzaliwa na ugonjwa adimu uitwao anemia ya Fanconi, uboho unashindwa kutengeneza damu na saratani zinakuja utotoni. Ni adimu, lakini pwani tunaoana mabinamu, na hili halisemwi kwenye posa.

Kwa hiyo ninyi wawili pimeni, kwanza wewe. Ukiwa huna, hofu ya Fanconi imeishia hapo, na watoto wako hawataipata kwako, ingawa mchumba wako bado anaweza kuwa nayo. Kama unayo, akapime naye. Kuhusu kukuacha siwezi kumsemea. Naweza kusema mke wangu nilimwambia usiku uleule niliopata majibu, na yeye ndiye aliyenunua kaunta buku ya kwaya mbili tukaanza kuchora.

Tunachora kama mshauri wa dada alivyoelekeza. Mraba ni mwanaume, duara ni mwanamke, aliyeumwa saratani unamjaza wino, pembeni unaandika saratani ya wapi na umri alioanza kuumwa. Tumefika watu 61. Pale ambapo ukoo unasema "kifua", "tumbo", "kidonda kisichopona", "kufungwa mkojo", tunaweka alama ya kuuliza kwa penseli na kwenda kwa mzee aliyemuuguza.

#15 Nesi_wa_Zamu

Waulizeni waliomwogesha marehemu. Wao wanajua.

#16 Mtoto_wa_Pangani

Ahsante nesi. Sikuwa nimelifikiria hilo, na kesho yake nilimpigia shangazi. Amenipa jina la bibi mmoja wa Bweni aliyemwosha shangazi mkubwa, yuko hai.

Kuna waliouliza inbox kuhusu baba. Baba ana miaka 73. Nilimweleza barazani baada ya magharibi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono umeshika tasbihi bila kuisogeza, kisha akauliza: "Kwa hiyo mimi ndiye niliyempa mwanangu?" Nikamwambia Baba, hukumpa, imepita kwako kama ilivyopita kwa babu na kama ilivyopita kwangu, na mimi watoto wangu bado sijui. Hakujibu. Alfajiri alinigongea mlango amekwisha vaa, akasema twende nami nikapimwe. PSA yake iko juu, daktari wa njia ya mkojo ameomba kinyama, tunasubiri.

Mabinti zangu wana miaka 14 na 9. Watoto hawapimwi jeni hizi, wanasubiri wafike 18 waamue wenyewe, kwa sababu saratani hii haiwapati utotoni na uamuzi ni wao. Mkubwa ameshaniuliza yale maduara kwenye kaunta buku ni ya nini, nikamweleza.

#17 Mtoto_wa_Pangani

Wakuu, nimerudi.

Shangazi mkubwa aliacha mtoto mmoja wa kike, wa miaka mitano wakati huo. Alilelewa Unguja na ndugu wa baba yake, tukawa tunaonana misibani tu. Wiki iliyopita nilipanda boti kwenda kumwona na kaunta buku mkononi. Yeye ni mmoja wa walio karibu sana na hitilafu hii.

Nilipomwambia mama yake hakufa kwa kifua kikuu alinyamaza, akaingia chumbani, akatoka na bahasha kubwa ya kaki. Ndani mna picha za eksirei ya mapafu, moja kwa kila mwaka tangu alipoanza kazi. Aliambiwa mama yake alikufa kwa kifua, kwa hiyo kila mwaka amekuwa akilipa kupimwa kifua kwa hofu ya kuurithi. Mapafu yake ni safi kwenye picha zote. Matiti hajawahi kupimwa hata mara moja, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Jumatatu saa mbili asubuhi ana miadi ya mamogramu, na damu itachukuliwa siku hiyohiyo. Nitakuwa naye. Shangazi mdogo naye anavuka kuja.